Mkono wa kushoto usiguswe

Nianze na kichekesho. Nilivyorudi Uyole, hapa Mbeya, baada ya oparesheni jirani akaniuliza ulifanyiwa nini, nikamjibu nimewekewa fistula, mama wa watu akashika mdomo akaniangalia juu mpaka chini, maana huku kwetu fistula ni ile ya akina mama wanaopata shida wakati wa kujifungua. Siku hizi nasema tu "mshipa". Ni kwamba daktari anaunganisha ateri na veni ya mkono, damu inaingia kwenye veni kwa nguvu, veni inatanuka na ukuta wake unakuwa mnene, hapo ndo zinachomwa sindano mbili za mashine ya dayalisisi, ile inayosafisha damu figo zikishindwa, moja inatoa damu nyingine inarudisha. Sio jambo la juzi, madaktari wa New York waliitangaza mwaka 1966.

Mi nimeunganishwa mara mbili, wa kwanza ulikufa. Kwa hiyo naandika hasa kwa wewe ambaye umeshaambiwa figo zinaelekea pabaya ila mashine bado. Usisubiri bwana. Mi nilisubiri, nikanywa mizizi ya kila rangi, neno dayalisisi nikawa nalikwepa kama deni, mpaka siku nilipoanguka nikawekewa mpira wa mashine shingoni kwa dharura, na ule mpira ni mlango wa bakteria, nimetetemeka homa juu ya kile kitanda nikadhani ndo safari. Mshipa hauchomwi siku hiyohiyo, unataka kama wiki sita mpaka miezi mitatu kukomaa, na mingine haikomai kabisa, sasa ukianza kuutafuta siku umezidiwa umeshachelewa.

Halafu kuna hili la kanula, ile sindano ya dripu, hili bado linaniuma. Kabla ya mashine nililazwa mahali, wakawa wanachoma mkono wa kushoto kila siku, na mimi mwenyewe ndo niliyewaambia wachome huko ili wa kulia nilie ugali! Kumbe wa kushoto ndo uliotakiwa kutunzwa, mshipa huwa unawekwa kwenye mkono usiotumia sana. Daktari alivyopitisha ultrasaundi akanyamaza kidogo, veni ilikuwa na makovu kibao. Ukishaambiwa figo, omba wachome mgongo wa kiganja cha mkono unaoutumia sana, na ule wa kutunzwa hata kipimo cha presha kisifungwe.

Wa kwanza waliuweka karibu na kifundo cha mkono. Nikapanda basi la usiku Dar mpaka Mbeya, nikalalia mkono, na tumbo lilikuwa linaendesha tangu jana yake, asubuhi nagusa mshipa, ule mtetemo wake haupo, kimya. Daktari hakusema ni basi wala ni tumbo, ila nijuavyo mimi vyote viwili vilichangia, mwili ukikauka na presha ikashuka damu inaganda upesi. Na mi nikasubiri siku yangu ya mashine ndo niseme, siku mbili nzima, wakati ningekimbia siku ileile pengine wangeuzibua.

Wa pili uko kwenye kiwiko na huu ndo unaonibeba, mara tatu kwa wiki, masaa manne manne. Ukiugusa unatetemeka kama simu iliyowekwa vaibresheni. Kidonda kilivyopona nesi aliniambia nibonyeze mpira, sikuwa nao nikabonyeza kiazi, viazi ndo tunavyo. Ndoo ya maji sibebi na huo mkono, saa navaa kulia. Baridi ya Juni na Julai unaijua, na masweta yetu ya Mwanjelwa yana mpira unaobana mkononi, mi nimeukata wote mke wangu akalalamika nimeharibu nguo. Nesi akitaka kuchoma palepale kila siku kwa vile ni rahisi mwambie asogee, pale panavimba kama yai na ngozi inakonda, na ikitokea damu inaruka, kandamiza kwa kidole hapohapo, usiachie, muende hospitali.

Kinachonishinda ni chai. Baridi hii utaacha vipi chai? Ila nikizidisha maji mashine inavuta mengi kwa mkupuo, presha inaporomoka, na mshipa wa kwanza ulishanifundisha presha ya chini inafanya nini. Kwa hiyo alfajiri mke wangu anaweka sikio kwenye kiwiko kwanza, akisema "inanguruma" ndo anaenda kubandika birika, kikombe kimoja, kile kidogo cha mtoto.