Hiyo ni gitaa ama ni nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kaka yangu aliyeko Marekani kaniletea Chapman Stick, ule ubao mrefu wa nyuzi 10 usio na tumbo, unaugonga kwa vidole vya mikono yote miwili. Mwaka mzima najifunza, nyimbo za watu nazipiga vizuri tu, lakini kila nikitoka nayo naulizwa hiyo ni gitaa ama besi, halafu naambiwa bora nishike gitaa. Nataka ijulikane kwa sauti yake. Nifanyeje? (Kijana wa Kisauni, Mombasa)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Yaani uko Mombasa na unaniuliza hilo? Tashkota je? Kile kidude ni cha Goro Morita wa Nagoya, Japani, alikibuni mwaka 1912, jina lake taishokoto, kina vitufe kama vya taipureta, kushoto unabonyeza kulia unakwaruza nyuzi. Kodi za gitaa, yaani zile sauti kadhaa zinazolia pamoja, usikitegemee. Wazee wa taarab wala hawakulilia kodi, wao walikuwa wanataka melodi ya kumfuata mwimbaji na kumjibu akivuta pumzi, basi wakakitia umeme, na ukisikiliza Zuhura Swaleh kwenye zile za chakacha utasikia inavyolia, kali, inachonga. Harusini nani atauliza hiki ni kinanda ama gitaa, mkono uko kwenye pochi unatafuta pesa ya kutuza.

Tatizo lako ni hizo nyimbo za watu. Ukipiga wimbo wa gitaa utapimwa kwa gitaa, na utashindwa, manake uzi wa kugongwa haulii kama wa kukwaruzwa, ukiinua kidole unanyamaza. Tony Levin alipoingia King Crimson, ile bendi ya roki ya Uingereza, na Stick, ile albamu ya 1981, magitaa yalishakuwepo mawili, Fripp na Belew, gitaa la tatu la nini? Akawa anafuma midundo katikati yao.

Wewe una nyuzi 5 za besi na 5 za melodi, mikono miwili inayoongea mambo mawili, sasa mbona unaifanya iongee moja? Kushoto weka mdundo wa chakacha, fupifupi, acha nafasi, kulia mjibu mwimbaji. Usiigize udi, ile ala ya nyuzi ya taarab. Udi hauna vituo shingoni, vile vichuma vya kubania nyuzi, unateleza mpaka kwenye zile robo za sauti za rasti na bayati, ngazi za sauti za Kiarabu, yako ina vituo vya nusu toni kama gitaa, kwa hiyo anza na ngazi ya hijazi ama nahawandi, hapo haitakuumbua. Wiki nzima hijazi tu, bila wimbo wa mtu yeyote, jirekodi kwa simu usikilize usiku.

Halafu kitu kingine, waya wake ni stereo, besi na melodi zinatoka mbalimbali, wengi wanachomeka spika moja zote zinavurugika. Tafuta spika mbili, ya besi iweke karibu na mpiga dumbaki.