Hupendi kujipigia debe? Acha kazi ikusemee, lakini iandae kwanza

Watumbuizaji wengi wasiopenda kujinadi hujikinga na methali moja: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali haina kosa, ila hicho kizuri hujiuza kikiwa mahali kinapoonekana. Anayetafuta mshereheshaji, mchekeshaji au mpiga gitaa wa hafla yake hakuombi ujisifu. Anataka kujua unafanya nini, unakifanyaje na atakupataje. Kumjibu hayo si majivuno. Ukikaa kimya atamchukua aliyemjibu, hata kama wewe ni fundi zaidi. Kwa hiyo wewe unayeanza, ziweke taarifa zako sawa mara moja, usije ukalazimika kujisemea kila siku.

Anza na sentensi moja inayokueleza, na usiitunge peke yako. Waombe watu watano waliokuona jukwaani, wasiwe ndugu wala marafiki wa karibu, wakueleze kana kwamba wanamsimulia mtu asiyekujua. Wakuandikie au wakutumie ujumbe wa sauti. Usiwatilie maneno kinywani. Jambo litakalojirudia kwa watatu kati yao ndiyo sura yako machoni pa watu, na mara nyingi silo ulilolitarajia. Ulidhani wanapenda sauti yako, kumbe wanachokumbuka ni jinsi unavyowachangamsha waliokaa nyuma kabisa. Basi andika hilo.

Sentensi nzuri inataja kazi, wakati inapofaa na namna yako: “Napiga gitaa na kuimba taratibu wageni wakiwa mezani, kwa sauti isiyozima mazungumzo.” Ilinganishe na “msanii mkali mwenye vipaji lukuki.” Ya kwanza haina sifa hata moja, lakini mwandaaji akiisoma anajua akuweke wapi kwenye ratiba. Ya pili inaweza kuwa ya yeyote. Pitia wasifu wako wote hivyo hivyo: futa maneno ya sifa, mahali pake weka yanayoweza kuhakikiwa, kama vile dakika unazotumbuiza bila mapumziko, lugha unazotumia, rika ulilolizoea. Uwe na wasifu wa maneno 50 wa kuchapwa kwenye ratiba na mwingine wa 150 kwa anayetaka kukujua zaidi. Usipokuwa nao, atakayekukaribisha jukwaani atakutungia utambulisho papo hapo, na kwa mtu asiyependa makuu hakuna linalotahayarisha kama kuitwa nyota wa nyota mbele ya ukumbi.

Kitakachokusemea kuliko vyote ni klipu ya sekunde 60 hadi 90, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Usianze na nembo inayozunguka wala jina linaloibuka polepole. Mtazamaji ataondoka kabla hujaonekana. Sekunde tano za kwanza uwe tayari kazini. Simu ilazwe mlalo, ikae kwenye kiegemeo thabiti kwenye urefu wa kifua, karibu na safu ya tatu. Kabla ya kuanza, mtu aguse uso wako kwenye kioo na kushikilia kidole hadi simu ifunge kipimo chake cha mwanga kisibadilike, maana taa za jukwaa zikibadilika simu hujirekebisha yenyewe na uso unageuka doa jeupe.

Sauti ndiyo ngumu zaidi. Simu ikiwa jirani na spika, sauti inakwaruza kwa sababu maiki yake imezidiwa. Ukichukua sauti ya mikisa, yaani mtambo wa kuchanganyia sauti za maiki na ala, peke yake, utasikika msafi lakini kicheko na makofi havimo, na mchekeshaji bila kicheko anaonekana ameshindwa. Kwenye ukumbi mdogo, ngoma na gitaa la umeme nazo zitasikika kwa mbali, kwani fundi mitambo huzipunguza kwenye mikisa kwa kuwa tayari zina kelele zake. Rekodi vyote viwili, mikisa na simu ya pili iliyoko katikati ya watu. Piga kofi moja la nguvu kwenye maiki mwanzoni ili baadaye uvilinganishe kwa mlio huo, kisha uchanganye. Ukiimba nyimbo za wengine, jua kwamba mfumo wa utambuzi wa YouTube unaweza kuifungia video yako. Weka mbele kazi yako mwenyewe pale inapowezekana.

Picha mbili zinatosha kuanzia: moja ya wima, moja ya mlalo, uso ukionekana. Mtu wa bango akikuomba picha kwa WhatsApp, itume kama hati, maana ikitumwa kama picha ya kawaida kwa kawaida hubanwa, na ikikuzwa kwenye bango inavunjika vunjika.

Jukwaani, taja jina lako mara mbili: baada ya kipande cha kwanza, na kabla ya kile cha mwisho. Wengi hulitaja mwishoni tu, makofi yanalimeza, na watu wanatoka wakiuliza “yule alikuwa nani?” Jina hilo liwe lile lile, kwa herufi zile zile, kwenye bango, kwenye akaunti na kwenye simu.

Maneno ya kukusifu waachie waliokualika. Waombe ndani ya siku mbili, kumbukumbu ikiwa mbichi, na usiulize “mlinionaje?” kwa sababu utajibiwa “ulikuwa vizuri” na halitakufaa kitu. Uliza: “Mlikuwa na wasiwasi gani kabla ya kunialika, na mambo yakaendaje?” Omba ruhusa ya kuyatumia majibu, na usiyarembe.

Mitandaoni, saa mbili kwa mwezi zinatosha kuandaa machapisho manne. Onyesha unavyopanga maiki, unavyobadilisha nyuzi, unavyofanya mazoezi ya kipande kinachokusumbua. Mshukuru fundi mitambo kwa jina, kwa ridhaa yake. Klipu yako ibandikwe juu kabisa. Akaunti ambayo chapisho lake la mwisho ni la mwaka jana humfanya mteja adhani umeacha kazi, kwa hiyo bora moja inayopumua kuliko tatu zilizolala.

Na ukiwa mkimya nje ya jukwaa, baki hivyo. Anayejitengenezea tambo mtandaoni humchanganya mteja siku wakizungumza kwenye simu. Akipiga, muulize tarehe, muda, ndani au nje, idadi ya watu na ni watu gani, kisha mjibu siku hiyo hiyo. Hafla isipokuwa ya aina yako, mwambie waziwazi na umtajie mwenzako anayeifaa.