Pauni 9,000, gari moja la kazini na la uwanjani: kabla hujachukua 944

Mkuu, umesema uko Birmingham, una pauni 9,000, unataka gari la spoti la zamani la kukupeleka kazini Jumatatu na kukimbizwa Brands Hatch, ule uwanja wa mbio za magari, mara tatu nne kwa mwaka, na roho yako iko kwenye Porsche 944. Nakuelewa. Yangu ilianzia mbali zaidi: mzee wangu aliishi Nairobi miaka ya sabini, na mpaka leo ukimtajia Datsun 240Z anaacha chakula. Ndilo lililobeba Safari Rally 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Nilipofika huku nikaanza kulitafuta. Nikaona bei, nikafunga kompyuta.

944 si gari baya. Injini mbele, giaboksi nyuma, uzito umegawanyika karibu nusu kwa nusu, kwenye kona limetulia tuli. Tabu iko kwenye mkanda wa taiming, ule unaoendesha valvu ziende sawa na pistoni: ukikatika, valvu zinagongana na pistoni, na hapo unafungua injini. Bei ya kulinunua ni ya Toyota, bei ya spea imebaki ya Porsche.

Mimi niliishia kwenye Mazda MX-5 toleo la kwanza, lile lenye taa za kufumbuka, lililoanza kuuzwa 1989. Langu ni la 1992, injini ya 1.6, nguvu ya farasi 115 hivi. Najua utacheka. Ila gari zima halifikishi tani moja, kwa hiyo matairi, pedi na petroli vinakwenda taratibu, na likikuponyoka kwenye kona unapata nafasi ya kulirudisha. Mkanda wake ukikatika injini inazima tu. Unavutwa nyumbani, unafunga mwingine. (Angalizo: ya 1.6 yaliyouzwa hapa Uingereza kuanzia 1995 yalipunguzwa nguvu mpaka 90 hivi. Usiuziwe hilo kwa bei ya la 115.)

Sasa kutu, maana hapa ndipo hela inapopotelea. Chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi inatafuna kila gari, lakini hili lina ugonjwa wake wa ziada. Maji ya mvua yanayoteremka kwenye turubai yana vitobo vya kutokea, nyuma ya viti. Vikizibwa na majani, maji yanaingia kwenye boksi la bodi chini ya mlango na kulioza kuanzia ndani. Nje rangi inang'aa. La kwanza nililokwenda kuliona lilikuwa jekundu, limepigwa polishi mpaka unajiona. Nikapiga magoti, nikagonga kwa kidole mbele ya tairi la nyuma. Kushoto, ko ko. Kulia, pu. Nikaweka sumaku, ikaanguka: chini ya rangi ni puti tupu. Muuzaji akaanza kunisifia redio. Nenda na sumaku, mkuu, na tochi.

Halafu awashe injini, ufungue boneti, uangalie puli ya krenkshafti (gurudumu dogo la mikanda kwenye ncha ya shafti kuu ya injini) kule mbele. Kama ni la 1989 mpaka mapema 1991 na puli inayumba, aga uondoke. Ya mwanzo pua ya krenkshafti, ile ncha inayoshika puli, ni fupi, ikishalika hakuna fundi wa kuibembeleza.

Kati ya hizo 9,000, ningeweka 5,500 kwenye bodi nzima, hata kama injini imechoka kidogo, na zilizobaki kwenye breki, matairi na shokapu. Breki usizifanyie mzaha. Siku yangu ya kwanza Brands Hatch nilibadilisha pedi nikajiona mjanja. Mafuta ya breki sikuyakumbuka. Yale hunyonya unyevu wa hewani. Breki zikipata moto, unyevu unachemka kuwa mvuke, na mvuke unabonyea. Raundi ya saba au ya nane nashuka kona ya Paddock Hill, napanda kuingia kona ya Druids, nakanyaga, pedali inazama kama nakanyaga godoro. Nikapampu mara mbili, mlima nao ukanisaidia, kona ikapita koo limekauka. Nikaenda kuegesha, nikakaa nusu saa sisemi na mtu. Siku hizi nayabadilisha kila mwaka, na kila baada ya raundi sita naenda moja taratibu breki zipoe.

Shokapu ngumu za mashindano nilizifunga pia, nikazitoa. Uwanjani raha, lakini Jumatatu kila shimo unalihesabu kwa uti wa mgongo, na shemeji yako hapa nyumbani alitamka kwamba hapandi tena. Za barabarani zenye ubora, pamoja na wili alaimenti iliyopimwa vizuri, zinatosha kabisa.

Bima yako ya kawaida usitegemee kwamba itakulinda uwanjani. Soma mkataba, bima ya siku hiyo kwa kawaida inanunuliwa kivyake. Ekzosi nayo wanaipima kelele kabla hujaingia, ikizidi unageuza.

Una urefu gani lakini? Gari la wazi, waandaaji wengi wanataka lifungwe bomba la chuma nyuma ya viti, la kukinga kichwa likipinduka, na helmeti lazima ikae chini ya bomba hilo. Mimi nina sentimita 174 na imebaki nafasi ya vidole vitatu. Kama wewe ni wa 190, hayo yote niliyoandika yaweke pembeni, tuzungumze habari za BMW E30 lenye paa la chuma.