Barua kwa mwanangu: fulana zisubiri

Mwanangu mpenzi,

Sauti uliyonitumia juzi usiku nimeisikiliza mara tatu, ya mwisho nikiwa barazani na kahawa yangu. Unasema kundi lenu la wapenzi wa taarab lina watu 31, huu mwaka wa pili mnaandikiana kila siku, na hamjawahi kuonana. Sasa mnataka kukutana, kazi ya kupanga umetwishwa wewe, na unaniuliza: tukutane wapi, tuchange kiasi gani, na hizi fulana za kundi za shilingi 25,000 ziwe lazima au hiari?

Nianze na fulana, maana ndizo zilizonikosesha usingizi.

Mwanzoni mwa miaka ya 90, wewe hujazaliwa, nilikuwa naishi Dar, Magomeni. Ndizo zile siku za vikundi vya TOT na Muungano kushindana kwa taarab, mwimbaji Khadija Kopa upande huu, Nasma Khamis Kidogo upande ule, na kila nyumba ina upande wake. Tulikuwa wanawake kumi na wawili, kila onyesho kubwa tunashona sare. Kati yetu alikuwamo shoga yetu mmoja, muuza vitumbua. Nyimbo hakuna aliyezijua kama yeye. Ukikwama beti, anakudakia kabla hujavuta pumzi. Mara moja tukachagua kitambaa cha bei. Hakusema neno. Jioni ya onyesho akamtuma mtoto kutuambia ana homa. Asubuhi yake nikapita kumjulia hali, nikamkuta yuko kwenye mbuzi anakuna nazi, mzima kabisa, na nyuma ya mlango zimetundikwa khanga zake nzuri, zimepigwa pasi, mikunjo bado imesimama. Alikuwa amejiandaa kuja nazo, kisha akaona atakuwa peke yake bila sare. Hakuja nasi tena. Wala hakuna aliyemfukuza. Kile kitambaa nilikichagua mimi, na mpaka leo nikikiona dukani mfano wake, moyo unaniuma.

Kwa hiyo mwanangu, kabla hujataja mahali wala bei, mtafute mwenye mfuko mdogo kuliko wote katika hao 31, na mpango wote uupime kwake. Usiulize ndani ya kundi, hapo kila mtu atajikaza. Mwandikie kila mmoja pembeni: "Kutoka ulipo, kwenda na kurudi, bila kukopa, mwisho wako ni kiasi gani?" Jibu dogo kuliko yote ndilo bajeti yenu. Fulana zisubiri. Atakaye akajichapishie baadaye, ila siku hiyo asiivae mtu.

Mahali. Najua wengi wanataka Unguja, na nawaelewa. Nani mpenzi wa taarab asiyetamani kukanyaga mji wenye Ikhwani Safaa, chama cha taarab kilichoanza 1905, na Culture Musical Club ya 1958? Lakini hebu piga hesabu. Wa Dar atapanda boti. Wale watatu wa Mombasa watapanda basi mpaka Dar, ndipo boti, na nauli ya boti ya mgeni si ya mwenyeji. Hapo hawajalala wala hawajala. Wakija huku kwangu Tanga, wanavuka mpaka wa Horohoro asubuhi na mchana wako mjini. Nanyi wa Dar mkipanda basi la alfajiri, mnashuka stendi ya Kange mchana huohuo. Wale wawili wa Unguja ndio watakaopata tabu ya safari, basi waulize hao wa kwanza.

Usidhani navutia kwangu. Tanga nayo ina haki yake katika jambo hili. Vikundi vya Black Star na Lucky Star vilikuwa hapa, vikaingiza magitaa na besi, taarab ikapata mwendo mwingine kabisa. Mwimbaji Shakila aliimba katika mji huu. Unguja muiwekee akiba, elfu mbili mbili kwa mwezi, mwende mwakani.

Ukumbi msikodi. Ua wetu unatosha, nitatandika mikeka chini ya mwembe na turubai tutaazima. Wakija watu ishirini na tano, wanashiba pilau ya mchele kilo nne, na kachumbari, na machungwa ya Muheza. Shilingi 10,000 kwa kichwa inatosha chakula, na inabaki ya kumtunza yule mzee wa mtaa wa pili anayepiga gitaa. Hatoki bure, na asitoke bure. Wanawake wanne wa mbali watalala kwangu. Kwa wanaume, zipo nyumba za wageni hapa Ngamiani, za bei ya kawaida, nitakwenda kuziona mwenyewe kwanza.

Pesa usishike wewe. Anayepanga na anayeshika wawe watu wawili, na kila mchango unaoingia uandikwe mbele ya kundi siku hiyohiyo. Mwenye uwezo wa kumlipia mwenzake ampe mshika fedha, bila jina la anayelipiwa. Na neno "nipo" kwenye simu ni jepesi sana, mwanangu. Sufuria nitaipima kwa waliolipa, na hesabu ifungwe wiki moja kabla.

Muanzie bustani ya Jamhuri, mchana kweupe, watu wakipita. Hamjuani nyuso, na kuna mabinti humo; kila mmoja aage nyumbani kwao, aseme anakwenda wapi na kwa nani. Andikeni vikaratasi vya kubandika kifuani, jina analotumia mtu kundini juu, la kuzaliwa chini kwa anayetaka. Saa ya kwanza mtaoneana haya, mtu uliyecheka naye mwaka mzima unamkuta mrefu kuliko ulivyodhani na maneno yanakukauka. Msiogope, itapita. Yule unayesema hajawahi kuonesha sura yake, muulize mapema kuhusu picha. Akikataa, basi simu zote zikae mfukoni mpaka wakati mtakaokubaliana.

Mkishakula, kila mmoja alete wimbo mmoja tu na aseme aliusikia wapi mara ya kwanza. Hapo ndipo mtakapojuana. Mimi wangu nilimsikia bibi yako akiuimba anachambua mchele, mpaka nikawa mkubwa nikidhani kautunga yeye. Huyo wenu wa Muscat asiyeweza kusafiri, mwenye nakala za sahani za santuri za mwimbaji Siti binti Saad, azitume mapema, nanyi mumpigie simu ya picha azieleze mwenyewe. Siti alitoka Fumba, mtoto wa watu wa kawaida, akavuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi kwa Kiswahili. Nataka kuisikia sauti ile uani kwangu. Mabishano ya taarab asilia ya zamani na mipasho, ile ya vijembe, nayo yatazuka, najua, na mimi nazipenda zote mbili, kwa hiyo msinitafutie upande.

Tarehe iwe Jumamosi baada ya tarehe 25, mishahara imetoka, masika imekwisha. Mwezi wa saba ni mzuri, upepo wa kusi unapoza uani.

Jirani ameshakubali kutuazima sufuria kubwa. Na huyo mwenye mfuko mdogo ukimpata, jina lake usinitajie. Nitajie kiasi alichosema, nianze kununua vitu.

Mama yako,
Tanga