Nilikopi mwaka mzima, nikakwama kwenye swali moja

Mkuu umeuliza mbona wanaokopi video za watu ndo wanapata watazamaji halafu sie tunaokesha kutunga vya kwetu hatuonekani, so bora na wewe ukopi tu. Nakujibu kama mtu aliekopi mwaka mzima.

Nilikua naposti video za kufundisha kushona. Nachukua video ya mtu, naigeuza Kiswahili sentensi kwa sentensi, mpangilio uleule, mifano ileile, naweka sauti yangu. Watazamaji walikuja, hilo sikatai. Siku moja nimeshaposti ndo najisikia nikisema "kama nilivyowaonyesha wiki iliyopita", na wiki iliyopita sikuonyesha chochote, alieonyesha ni yule mwenye video. Niliumia, nikaifuta usiku uleule.

Ila kilichonibadilisha kabisa ni komenti. Dada mmoja kafuatisha video yangu ya kuweka zipu, akaandika "mbona yangu imefanya mawimbi, nimekosea wapi?" Nikabaki nimeshika simu sina la kumwambia, maana zipu ya namna ile sikuwahi kuishona hata mara moja. Kesho yake nikakaa kwenye cherehani, nikaharibu ya kwanza, nikaharibu ya pili, ya tatu nikagundua mkono wangu ulikua unavuta kitambaa wakati nashona, nikikiachia kinarudi kilivyokua na zipu inabaki imejikunja. Nikarekodi zote tatu, na zile mbovu nikaziacha humo. Yule dada nikamjibu, na mpaka leo mtu akiuliza chochote kwenye ile video najibu bila kubabaika.

Sasa usinielewe vibaya, kuweka zipu sijavumbua mimi. Hapa ndo wengi tunachanganya. Wazo halina mwenyewe, hata hakimiliki inalinda namna ulivyolieleza, sio wazo lenyewe. Ukifundisha kitu kilekile kwa mikono yako na maneno yako huna kesi na mtu. Ukichukua klipu yake ukakata jina lake hiyo ni kesi, na yale maneno ya "video sio yangu, haki zote ni za mwenyewe" hayakupi ruhusa yoyote, ruhusa anatoa mwenye kazi. Na asikudanganye mtu eti haijasajiliwa, kwa Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, kazi inalindwa tangu inapotengenezwa. YouTube ukila straiki (yani onyo) 3 za hakimiliki ndani ya siku 90 chaneli inaweza kufungwa, na hata kama mwenyewe kakuruhusu bado wanaweza kukunyima malipo kama unarudia tu kazi za watu bila kuongeza cha kwako.

Kukopi kwa kujifunzia sikukatazi kabisa, mi mwenyewe nilijua kukata klipu na kupanga maelezo kwa kuigiza wengine, ila hayo mazoezi yabaki kwenye simu yako.

Na sikufichi, nilipoacha kukopi watazamaji walipungua na ilichukua miezi kurudi, kuna wiki nilitamani nirudie mchezo wangu wa zamani. Hiyo video uliyotaka kukopi, fanya hicho kitu mwenyewe kwanza mwanzo mpaka mwisho, andika pale ulipokwama na ulivyojinasua, halafu rekodi ukianzia hapohapo.