Nilimeza vidonge vya damu kwa chai

Nilipokuwa na mimba ya kitindamimba wangu nilipimwa nikaambiwa damu ni tisa. Nikapewa vidonge vya kuongeza damu, nikarudi navyo nyumbani, mtaa wa Langoni, na kila asubuhi nikavishushia chai ya maziwa iliyokolea, pamoja na mahamri na mbaazi za nazi. Mwezi ulipokwisha nikapimwa tena: tisa na nukta mbili.

"Dada, vidonge unavimeza na nini?" muuguzi akaniuliza. Nilipomjibu akacheka. Akamgeukia mzee mmoja kwenye foleni, akamwomba radhi, akashika pembe ya kikoi chake. "Tumbo lako kwa ndani liko hivi," akasema, akiyachambua matamvua kwa kidole.

Picha ile haijanitoka. Utumbo mwembamba una urefu wa kama mita 6, lakini ukuta wake wa ndani si laini kama mpira wa maji. Umejikunja mikunjo, na juu ya mikunjo kuna matamvua yasiyozidi milimita moja. Hayo nayo yana vinyuzi vidogo zaidi, visivyoonekana ila kwa hadubini. Ngozi ya kila tamvua ni seli moja tu kwa unene, na nyuma yake ipo mishipa myembamba ya damu, pamoja na mrija wa kupokea mafuta. Shuleni tuliambiwa ukiutandaza wote unapata uwanja wa tenisi. Watafiti wa Sweden mwaka 2014 waliukadiria kuwa kama mita 30 za mraba, na kwangu hata hizo ni nyingi kwa kitu kilichokunjwa tumboni.

Sasa, madini ya chuma, ndiyo yaliyomo kwenye vidonge vile, hunyonywa zaidi pale mwanzoni, kwenye sentimita 25 hivi za kwanza baada ya mfuko wa tumbo. Rangi ya chai huyashika madini hayo yakiwa hapo hapo, na maziwa nayo huzuia. Yakishapita pale, mengi ndiyo yanakwenda chooni. Chuma cha mbaazi, kunde na mchicha ndicho kinachoumia zaidi. Cha samaki na nyama hunyonywa kwa urahisi.

Kwa hiyo, bibi wee, usiache chai (mimi siwezi, nisikudanganye). Isogeze tu. Kula kwanza, kaa saa moja au mbili, ndipo unywe. Mbaazi zikamulie ndimu, au malizia na embe au chungwa, maana vitamini C husaidia chuma kupita. Na nazi usiionee haya: vitamini A ya mchicha haipiti vizuri bila mafuta.

Ukiambiwa damu pungufu, uliza pia habari ya minyoo. Minyoo ya safura hung'ata ukuta huo huo wa utumbo na kunyonya damu, na hapo ndimu haikusaidii.

Mimi vidonge nilivihamishia saa nne asubuhi, kwa maji ya chungwa. Chai ikahamia alasiri, barazani, na kashata. Kipimo kilichofuata kilisoma kumi na nukta nane.