Miaka 30 ipo tayari, tatizo ni siku tatu za mwanzo

Mhariri, mmeuliza wiki hii kama wabakaji waongezewe adhabu. Najua wengi watajibu ndiyo, na hawatakosekana wanaotaka wahasiwe au wanyongwe. Mimi nasema hapana, na si kwa kuwahurumia. Nimestaafu utabibu katika kituo cha afya cha kata, na kesi hizi zilipita mezani kwangu zikiwa bado mbichi, kabla hakimu hajazisikia.

Tujue kwanza tulichonacho. Tangu Bunge lipitishe Sheria ya Makosa ya Kujamiiana mwaka 1998, mtu mzima akitiwa hatiani kwa kubaka huku Tanzania Bara hafungwi chini ya miaka 30. Juu yake kuna viboko, faini, na fidia kwa aliyetendewa. Mtoto akiwa chini ya miaka 10, ni kifungo cha maisha. Waliobaka kwa kundi, maisha vilevile. Sasa mtu wa miaka 40 ukimwongezea 10 juu ya hiyo 30, umemwongezea nini? Na hao wanaodai kitanzi wajiulize: mtu akijua kubaka ni kunyongwa na kuua ni kunyongwa, atamwacha mtoto hai ili akamtaje?

Shida ni kwamba kesi hazifiki. Mara nyingi mtendaji si jambazi aliyeruka ukuta usiku. Ni mjomba, baba wa kambo, mpangaji wa chumba cha uani, mwalimu wa tuisheni. Jambo likitokea, kwanza kinakaa kikao. Anaitwa shangazi, anaitwa mzee wa ukoo, anatumwa mtu upande wa pili kuuliza wana kauli gani. Muda huo mtoto ameshaogeshwa, nguo yake imefuliwa na iko kwenye kamba. Kwangu analetwa siku ya nne, tena kwa sababu kikao kimeshindwana bei. Dawa za kinga ya VVU zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72. Mara ngapi nimejaza PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, huku dawa zimo kabatini nyuma yangu, na mtoto aliye mbele yangu hazimfai tena!

Mama mmoja alisubiri kwenye benchi mpaka wagonjwa wote wakaisha. Aliyemharibia binti yake alikuwa shemeji yake, ndiye aliyekuwa akiwalipia kodi ya nyumba. "Daktari, ukiandika hivyo atafungwa miaka mingapi?" Nikamwambia. Akanyamaza, kisha akauliza hawa wadogo atawalisha nani. Nilikuja kusikia binti amepelekwa kwa bibi yake mkoa mwingine, na kesi ikafa kwa kukosa shahidi. Ile miaka 30, badala ya kumtisha shemeji, ilimtisha mama.

Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 2006 kwamba ushahidi wa kweli wa kubakwa hutoka kwa aliyebakwa mwenyewe. Sheria ya Ushahidi nayo inaruhusu kumtia mtu hatiani kwa maneno ya mtoto peke yake, mradi mahakama iridhike kwamba anasema kweli. Ni msimamo mzuri kabisa. Ila wanaokaa vikaoni wameujua bila kusoma sheria: ukimficha mtoto, umeificha kesi.

Zinazofika nazo huporomokea kwenye rufaa. Hati ya mashtaka imetaja kifungu kisichohusika. PF3 imepokelewa lakini haikusomwa kwa sauti mahakamani, inaondolewa. Umri wa mtoto haukuthibitishwa, ilhali mama yake alipanda kizimbani na hakuna aliyemuuliza. Watu huwalaani majaji hapo, mimi siwalaumu. Huwezi kumfunga mtu miaka 30 kwa karatasi mbovu, na adhabu ikizidi kuwa nzito ndivyo karatasi zitakavyozidi kuchunguzwa. Alaumiwe aliyeziandaa. Na tusisahau shahidi anayeitwa, anafika, anaambiwa kesi imeahirishwa, anarudi kwa nauli yake. Mimi nilikuwa na mshahara. Mkulima atarudi mara ya tatu?

Kama kuna wa kuongezewa ukali, basi ni wapatanishi. Niliwahi kuonyeshwa makubaliano yaliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari: saini tatu, dole gumba la bibi, na muhuri wa serikali ya kijiji. Kosa lenyewe halikutajwa, limeandikwa "tatizo lililotokea". Fedha iliyotajwa isingetosha kununua hata ndama. Aliyegonga muhuri ule alistahili kusimama kizimbani pamoja na mtuhumiwa, na sijasikia hata mmoja aliyefikishwa huko. Mbunge anayetaka kupeleka muswada aanzie kwa watu hao, kisha aulize fungu la nauli za mashahidi liko wapi.

Tabibu mstaafu, Kanda ya Ziwa